Kishikio cha Namba Mbili

Mimi bunduki kuukuu naanza kuinusa, kuitazama baadaye. Tabia hiyo nimeitoa kwa ng'ombe. Nimetibu ng'ombe wa Herefordshire tangu ujana mpaka magoti yalipogoma, na mara nyingi pua yangu iliujua ugonjwa kabla mwenye ng'ombe hajamaliza kulalamika. Kwa hiyo siku ile ya kukagua mali kwenye ukumbi wa mnada, Leominster, wanaume wenye makoti ya sufu walipokuwa wanamulika ndani ya mitutu kwa tochi zao ndogo, mimi niliinama juu ya meza nikanusa. Bwana mmoja wa pembeni akasogea mbali nami kidogo, kama vile nina upele.

Sikwenda kununua. Nilikwenda kwa umbeya, na sioni haya kusema. Jirani yangu Winnie Tudge alipita pale mnadani kutafuta kabati la vyombo, akarudi na habari kwamba kuna bunduki ya mitutu miwili imeandikwa Oakshott wa Birmingham, na juu yake, katikati ya mitutu, kuna namba mbili ya dhahabu.

"Si kama ile ya kwenu, Dorothea?" akaniuliza.

Ya kwetu ilikuwa na namba moja. Ilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya kabati la chuma nyuma ya mlango wa stoo, na sijawahi kupiga nayo hata kunguru. Nimeshapiga ng'ombe wagonjwa wa kutosha maishani. Bunduki kwangu si mchezo. Niliitunza kwa sababu ilikuwa ya baba.

Zilitengenezwa pacha, enzi za babu yake baba. Huku kwetu mtu mwenye pacha husimama ukingoni mwa msitu kungoja ndege wafukuzwe kumjia, na nyuma yake anasimama mpakiaji. Akishapiga na moja, anainyoosha nyuma bila kugeuka, huku mkono wa pili unapokea nyingine iliyokwisha kujazwa risasi. Ni kama ngoma ya watu wawili, na asiyejua hatua anaweza kupoteza vidole. Wakubwa huajiri wapakiaji. Baba yangu mpakiaji wake alikuwa mama, miaka yote, na jioni mama ndiye aliyezifungua bunduki juu ya meza ya jikoni akazisafisha.

Baba alipofariki ikakutwa ametugawia. Mimi namba moja kwa kuwa ni mkubwa, mdogo wangu Lionel namba mbili. Kutenganisha pacha ni ujinga, kila mtu mwenye akili atakuambia hivyo, na kila familia ya huku inafanya hivyohivyo. Mama naye akamfuata baba. Muda si mrefu mashamba ya tufaha ya Lionel yakafilisika, akaiuza yake. Na tangu wiki ile akaacha kuzungumza nami.

Hakugombana nami, hakunitukana. Alinyamaza tu. Nikipiga simu anapokea Maud, mkewe, na daima Lionel yuko bafuni. Mtu wa kuoga kiasi hicho sijapata kumwona. Krismasi inakuja kadi yenye mwandiko wa Maud peke yake. Mwanzoni nilidhani anaona aibu kwa kuuza mali ya baba, nikasema sawa, aibu ni yake, mimi nimekosa nini? Halafu hasira zikapoa, likabaki swali. Zaidi ya miaka kumi nilikuwa nalichokoa swali hilo kama ulimi unavyochokoa jino bovu: nilimfanya nini mdogo wangu?

Basi ndiyo maana nilikuwa pale, nimeinamia meza ya mnada, nanusa.

"Mama, unanusa nini? Si samaki hiyo."

Aliyesema alikuwa Hartley Pugh, mfanyabiashara wa bunduki kutoka Ludlow, mwenye tumbo la kizibao na lenzi iliyoning'inia kwa uzi shingoni. Nilikuwa namfahamu kwa sura.

"Nanusa ninachotaka," nikamwambia. "Wewe tazama unachotaka."

Akacheka mpaka kizibao kikatikisika. Pugh ni mtu anayependa kufundisha, nami ni mtu nisiyeweza kukaa bila kujua, kwa hiyo tulipatana haraka.

"Haya, nifundishe," nikasema. "Nitajuaje kama ni ya asili au imebandikwabandikwa?"

"Hebu ona." Aliichukua, akaitenganisha vipande vitatu kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa vidole vinene vile. Mitutu akaitundika kwenye kidole kimoja, akaigonga kwa ukucha. Ikalia kama kengele ya kanisa, ikachukua muda kunyamaza. "Umesikia? Ingekuwa imekatwa ikaungwa mipya kwa mbele, ingesema *tak*, kama sufuria yenye ufa. Sasa chungulia ndani, elekeza dirishani. Unaona vivuli vya duara?"

"Naona duara, moja ndani ya nyingine."

"Zimekaa sawasawa au zimepinda?"

"Sawasawa."

"Basi haina kibonyeo. Tazama skrubu. Mifereji yake yote inalala kufuata mtutu. Fundi mbovu akishazifungua hawezi tena kuzirudisha hivyo. Na hapa kwenye kitako, michongo imelika pale kiganja kinapokaa tu. Mtu angeichonga upya ingekuwa mikali kote." Akapumua kwa raha. "Mrembo kabisa. Ila sasa."

"Ila nini?"

Akanikabidhi kipande cha tatu. Ni kile kishikio cha mbao kinachokaa chini ya mitutu, mahali mkono wa mbele unaposhika, kifupi kama mkate mdogo, na ndani yake kina chuma. Akaniwekea lenzi juu ya chuma. Kulikuwa na namba imegongwa. Ilikuwa moja.

"Si chake," Pugh akasema. "Ni cha pacha mwenzake. Vishikio hivi huchongwa kwa mkono, kila kimoja kwa bunduki yake. Ukikichomeka kwa jirani kinaingia, lakini kwa kulalamika. Bila kishikio chake, huyu ni bibi harusi mwenye meno ya kuazima. Hawezi kupata bei."

"Mbona umejua upesi hivyo?"

"Ah, si nilishawahi kuimiliki! Niliinunua kwa jamaa mmoja wa tufaha, zamani, nikaiuza wiki hiyohiyo kwa mtu wa kuitundika ukutani. Sasa huyo naye kafa. Yule wa tufaha nilimwambia hivihivi: nani ana namba moja? Basi huyo ndiye aliye na kishikio chako. Masikini, aliduwaa. Akauliza kama inaweza kutokea bahati mbaya. Nikamwambia, bwana, mwenye pacha habahatishi, mtu kabadilisha ili aharibu ya mwenzake. Akasema, 'Basi ni dada.' Akavaa kofia yake akatoka."

Masikio yaliniwaka. Nilishika ukingo wa meza. Miaka yote ile, na jibu lilikuwa linatembea Ludlow ndani ya kizibao! Nilitaka kumpiga Pugh na nilitaka kumbusu, na vyote viwili visingependeza pale ukumbini.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemwambia," nikasema.

"Nilimwambia nini?"

"Hakuna."

Niliinua kile kishikio nikakinusa. Kwenye pembe, kati ya chuma na mbao, kulikuwa na kitu cha njano kilichokauka. Nikakichokoa kwa ukucha. Harufu ilikuwa ya kuchacha, lakini chini ya kuchacha nilijua kitu. Ilikuwa harufu ya jikoni.

"Uchafu huo," Pugh akasema.

"Mafuta ya bata bukini," nikasema, nikamrudishia.

Nyumbani sikuvua hata koti. Nilifungua kabati, nikaitoa namba moja, nikabonyeza kile kifungo kidogo kwa kidole gumba. Kishikio kilikataa. Nikakivuta kwa nguvu za kumzalisha ng'ombe, kikatoka. Nikakipeleka chini ya taa.

Namba mbili.

Nilikaa chini. Ningekuwa hakimu ningejifunga mwenyewe bila kusikiliza shahidi. Bunduki zilikuwa kwenye nyumba ya wazazi, mimi ndiye niliyekuwa naishi karibu na kuingia kila siku, mimi ndiye niliyemkabidhi Lionel yake mkononi. Na cha kwake ninacho mimi. Hata kama ningeapa, ningeapa nikiwa nimekishika.

Lakini mimi sikufanya. Nani basi? Baba asingekosea, alikuwa akizifungua hata usingizini. Nikakinusa. Mafuta yaleyale ya njano, pembe ileile. Udadisi ukanishika shingoni, nikasahau hata kuogopa. Baba alikuwa na kopo lake la grisi ya bunduki, na alikuwa hataki kitu chochote cha jikoni kisogee karibu. Kopo hilo lilikaa dirishani. Kando yake, dirisha lilelile, lilikaa kopo la mama la mafuta ya bata bukini. Ukubwa mmoja, umbo moja. Ila moja jekundu, jingine la kijani.

Hapo nikamwona mama.

Msimu wa mwisho wa baba kuwinda, mama alikuwa haoni. Hatukujua. Tuligundua baadaye, baada ya baba kupata kiharusi, mama alipogonga mlango ambao siku zote ulikuwa palepale. Daktari akasema mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba amekuwa naye muda mrefu. Mama akajibu tu, "Nilikuwa naona vya kunitosha." Angesema mapema, baba angemweka jirani yetu kuwa mpakiaji wake. Kwa hiyo alisimama nyuma ya mumewe msimu mzima, akapakia kwa kupapasa, akapokea na kutoa, asikose hata mara moja. Halafu siku ile ya mwisho akakaa mezani, bunduki mbili vipande sita, na kopo aliloliokota lilikuwa jingine, na vishikio akavirudisha kwa kupapasa, kila kimoja kwa mwenzake. Wiki hiyo baba akaanguka, na hakuna aliyezifungua tena.

Nililia kidogo, nasema kweli. Halafu nikapiga simu.

"Yuko bafuni," Maud akasema.

"Najua. Maisha yake yote yamekuwa ya sabuni. Mwambie akijifuta kwamba bunduki ya baba inauzwa kesho Leominster, na mimi naenda kuinunua."

Nikakata. Namjua mdogo wangu. Ningembembeleza asingekuja. Nimechokoza, atakuja mbio.

Nilimkuta mbele ya meza asubuhi, kabla mnada haujaanza. Alikuwa amezeeka. Hilo sikulitegemea, kama vile wazee ni watu wengine. Nywele zimekimbia, mabega yameshuka, lakini shingo ni ileile ya baba. Hakunisalimu.

"Hukutosheka na yako?" akasema. "Unataka na hii?"

"Habari za asubuhi, Lionel."

"Habari gani. Unajua nilivyodhalilika pale Ludlow? Mtu ananiambia bunduki ya baba yangu ni makorokoro, na mwenye kuifanya makorokoro ni dada yangu wa tumbo moja. Kwa kipande cha mbao, Dot! Si ungeniomba tu? Ningekupa nzima!"

Watu walianza kugeuka. Pugh alikuwa hatua chache, anajifanya anasoma dari. Nami ndugu yangu akinipandishia sauti huwa nasahau umri wangu.

"Umemaliza? Au bado unayo mengine ya miaka kumi? Mimi nina muda, nimestaafu."

"Nimemaliza."

"Basi shika." Nikafungua mkoba, nikatoa kishikio kikiwa kimefungwa kwa kitambaa cha vyombo. "Tazama namba."

Akatazama. Uso ukamshuka badala ya kung'aa. "Kwa hiyo unakiri."

"Sikiri kitu. Vaa miwani, nusa pale pembeni."

"Ninuse?"

"Nusa, mtoto we! Unadhani nimekuletea sumu?"

Akanusa. Nikachukua ile bunduki mezani, nikatoa kishikio chake cha kuazima, nikamsogezea puani. Akakinusa na hicho. Nikaona anakunja uso, kama mtu anayeitwa na sauti ya chumba cha pili.

"Bata bukini," akasema polepole. "La jikoni. Lile kopo la kijani."

"Na la grisi lilikuwa jekundu. Nani ndani ya nyumba ile asingeona tofauti ya kijani na nyekundu, msimu ule?"

Sikuhitaji kumalizia. Lionel aliweka mkono mdomoni. Nikachukua kishikio nilichokuja nacho nikakichomeka kwenye namba mbili. Hakikulalamika hata kidogo. Kiliingia kikasema *tik*, kama mlango wa kabati zuri, na mstari wa mbao na chuma ukapotea usionekane unapoanzia wala kuishia. Nimeona mambo mengi ya kupendeza katika kazi yangu, ndama wamesimama mara ya kwanza na kadhalika, na bado nilishusha pumzi.

"Alikuwa haoni," Lionel akasema. "Na alikuwa anampakia baba. Mungu wangu, vidole vyake."

"Vyote kumi alizikwa navyo."

Akacheka na kulia kwa pamoja, kitu ambacho wanaume wa kwetu hawakifanyi mahali pa watu, na watu wakarudi kutazama bidhaa zao kwa adabu kubwa. Nikatoa kishikio changu, nikarudisha kile cha mnada mahali pake, maana sheria ni sheria. Na hapo ndipo nikaona uso wa Pugh.

Nilikuwa nimefanya upumbavu wa mwaka. Nimethibitisha uasili wa bunduki mbele ya mtu aliyekuja kuinunua.

Dalali alipoitaja, Lionel akainua kadi. Pugh akainua kalamu. Lionel akainua tena, Pugh tena. Bunduki ambayo jana ilikuwa bibi harusi wa meno ya kuazima leo ilikuwa inagombewa kama malkia. Dalali naye akanogewa, sauti ikapanda, kila nikimtazama Lionel naona masikio yanazidi kuwa mekundu na kadi inazidi kuchelewa kuinuka. Nilimjua alivyo. Angenunua mpaka auze nyumba ya Maud.

"Ngoja," nikamnong'oneza.

Nilisimama. Nikatoa kishikio kwenye kitambaa, nikakiinua juu ili Pugh akione vizuri, namba ndani imemwelekea. Halafu nikakirudisha mkobani, nikafunga zipu polepole mpaka mwisho, nikauweka mkoba kwenye kiti, nikaukalia.

Ukumbi wote ulicheka, hata wasiojua wanacheka nini. Pugh alitazama nilipokalia. Akatikisa kichwa, akaichomeka kalamu mfukoni. Dalali akagonga nyundo, bunduki ikawa ya Lionel.

"Mama, ungekuwa dalali wewe," Pugh akaniambia akipita.

"Na wewe mwambie mteja kile unachokijua tu," nikamjibu, "yanayobaki mwachie mwenyewe." Sijui kama alielewa. Sikujali.

Tulikaa kwenye gari langu, chai kwenye vikombe vya karatasi, bunduki imelala kiti cha nyuma ndani ya mfuko wake. Lionel alitaka tubadilishe vishikio mara tu tukifika kwangu, kila kimoja kirudi kwa mwenyewe, ziwe za asili tena. Nikamwambia namba zilizogongwa na Oakshott ni za Oakshott, lakini mtu wa mwisho kuzifunga bunduki hizi alikuwa mama, na mimi siko tayari kumsahihisha. Akafikiri, akasema basi zibaki.

Tulipaswa kufurahi, lakini hasira ilikuwa inanipanda. Hiyo ndiyo shida yangu, huja wakati wa chai.

"Ungeniuliza, Lionel. Swali moja tu! Ningekutukana, ningefungua kabati, tungeona, tungemaliza siku hiyohiyo. Miaka yote hii umekaa bafuni!"

"Najua."

"Sasa kwa nini hukuuliza?"

Alizungusha kikombe mikononi.

"Kwa sababu ungeweza kusema ndiyo," akasema. "Baba kafa. Mama kafa. Nikiuliza, ukasema ndiyo, nabaki na nani? Nisipouliza, kila siku inabaki labda. Labda si dada. Niliishi na hiyo labda, Dot. Sikutaka kuipoteza."

Nilikuwa na maneno makali nimeyapanga tangu Winnie aje na habari zake, mengine tangu miaka ile, nikayaacha yote. Nilimshika ile shingo ya baba, nikamvutia kwangu mpaka chai ikatumwagikia wote wawili. Kisha nikamwambia aliache gari lake hapohapo, nitampeleka mimi nyumbani kwa Maud, na hakubisha.